Vitundu vya Chungu



Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote hutoka kwa mtu aliyenunua mtungi mpya. Ameujaza maji jioni, asubuhi anakuta umelowa kwa nje na sakafu ina unyevu. Anataka kujua kama ameuziwa mtungi mbovu. Namjibu kwamba mtungi unaolowa uko kazini. Ukiwa unatiririsha, hapo una ufa, na aurudishe kwa muuzaji. Kati ya kulowa na kutiririsha ndipo penye elimu yote ya ufinyanzi, na ndipo nitakapokaa leo.

Nina dai moja. Udongo uliochomwa una vitundu vidogo mno, vingi mno, ambavyo jicho haliwezi kuviona. Mfinyanzi hodari huvipangia vitundu hivyo idadi na ukubwa kulingana na kazi ya chombo, kwa udongo anaouchagua, kitu anachochanganya, namna anavyosugua na moto anaowasha. Kwa hiyo chungu cha kupikia, mtungi wa maji na sahani ya kauri ni vitu vitatu vilivyokusudiwa kuwa tofauti. Wanaosema chungu cha kijijini ni kauri iliyoshindikana hawajakielewa chungu, na pengine hata kauri hawajaielewa.

Tuanze na udongo wenyewe. Udongo wa mfinyanzi ni mwamba uliooza. Miamba kama granaiti ina madini yanayoitwa feldspa. Mvua yenye asidi kidogo ikiyapitia kwa mamilioni ya miaka, huchukua chumvi zake na kuacha silika na alumina zilizoungana na maji. Madini safi kabisa ya aina hiyo ni kaolini. Chembe zake ni vibapa vyembamba, vingi havifikii upana wa sehemu mbili tu ukiigawa milimita moja mara elfu moja. Maji yakiingia katikati ya vibapa, vinateleza kimoja juu ya kingine bila kuachana, kama vioo viwili vilivyolowa vinavyosukumika huku na huku lakini kuvibandua ni kazi. Hiyo ndiyo sababu udongo wa mfinyanzi unafinyangika na mchanga haufinyangiki hata uumwagie maji ya kisima kizima. Chembe ya mchanga ni kubwa na haina ubapa, haina pa kushikana na mwenzake.

Hapo watu huniuliza: basi udongo mzuri ni mweupe? La, hasha. Vilima vya Pugu, hapo nje ya Dar es Salaam, vina kaolini nyingi nyeupe, na mapango ya wachimbaji wa zamani yapo mpaka leo. Kaolini ya namna hiyo ni nzuri kwa kauri, kwa karatasi, kwa rangi. Ukijaribu kufinyanga mtungi kwa kaolini tupu utapata taabu, kwa sababu mara nyingi kaolini haina unato wa kutosha, na moto wa wazi wa kuni hauwezi kuiivisha. Udongo wa bondeni, ule wa kijivu au mwekundu uliobebwa na mto na kusagwa njiani mpaka chembe zikawa laini zaidi, umechanganyika na chuma na mabaki ya mimea. Ndio unaonata, na kwa kuwa chuma husaidia udongo kushikana mapema, unaivia kwenye joto dogo. Wafinyanzi wa vijijini hawakukosea kuuacha mweupe na kuchukua wa kijivu.

Kuna udongo mwingine unaowadanganya wengi, nao ni ule mweusi wa mbuga. Ukiushika wakati wa mvua unanata kuliko wote, unavuta mpaka kiatu. Mwanafunzi akiuona hufurahi akidhani amepata hazina. Lakini madini yake ni ya jamii nyingine, yanayoruhusu maji kuingia hata ndani ya tabaka za kibapa chenyewe. Yakinywa maji yanavimba, yakikauka yanasinyaa. Nyufa zinazopasua mashamba ya mbuga wakati wa kiangazi, ambazo mtoto anaweza kuingiza mkono mzima, ndizo zitakazopasua chungu chako kabla hakijaona moto. Udongo huo ukitumika, utumike kidogo kama kiungo cha kuongeza unato katika udongo mwingine.

Na wa kichuguu je? Mchwa huchagua chembe laini na kuzigandisha, kwa hiyo udongo wake ni mzuri kwa matofali, kwa kukandika ukuta, kwa kujenga jiko na tanuri. Kwa chungu chembamba haujitoshelezi, unahitaji mwenzake.

Kabla hujachimba mzigo mzima, upime. Vipimo vya mkononi havihitaji maabara. Sokota udongo uwe kama mnyoo wenye unene wa penseli, kisha uzungushe kwenye kidole. Ukikatika, unato hautoshi. Ukizunguka bila ufa, endelea. Finyanga kibao, chora juu yake mstari wa sentimita 10, ukiache kikauke na ukichome, halafu pima mstari tena. Ukikuta sentimita 9, udongo wako umesinyaa asilimia 10, na sasa unajua kwamba mtungi unaoutaka uwe na kimo cha sentimita 40 lazima uuanze ukiwa zaidi ya 44. Kipimo cha tatu ni cha chokaa: dondoshea udongo mkavu siki au ndimu. Ukitoa povu, una chokaa, na chokaa ni adui mvumilivu. Kipande kidogo kama punje ya mtama kikichomwa hugeuka chokaa hai. Chungu kinatoka motoni kizima, kinauzwa, kinakaa kabatini, na chokaa ile inakunywa unyevu wa hewa, inavimba, mpaka siku moja inang'oa kibanzi cha ukuta wa chungu na kuacha shimo lenye kidoa cheupe katikati. Mnunuzi husema chungu kimerogwa, kumbe ni punje ya chokaa. Ukiona kidoa hicho, usiulaumu moto. Kalaumu chekeche.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nalihesabu kuwa siri kubwa ya ufundi huu, nalo ni kile kinachochanganywa. Tazameni mikono ya mama anayekanda. Pembeni yake kuna kilima cha vigae vya vyungu vilivyovunjika, navyo vinatwangwa na kuchekechwa. Unga mwembamba sana anautupa, mapande makubwa anayarudisha kwenye kinu, na chenga za katikati anazinyunyiza juu ya udongo na kuzikanda ndani kwa kisigino. Wengine hutumia mchanga, wengine hutumia mawe laini yaliyosagwa. Sisi tuna methali kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Mimi naona gae lilivyo na kazi tukufu hapa, maana chungu kilichokufa kinazaa kingine.

Chenga zinafanya kazi mbili. Ya kwanza ni wakati wa kukauka. Udongo mtupu uliobanana hukauka nje upesi na ndani polepole. Nje panasinyaa, ndani bado pamevimba, ufa unaanza. Chenga hazisinyai, kwa kuwa zilishasinyaa kwenye moto wa kwanza. Zinapunguza msinyao wa mwili wote na kuacha vijia vya maji kutokea. Ndiyo maana pia chungu kinaanikwa kivulini, kinafunikwa mdomo kwa majani mabichi au kitambaa kilicholowa, na masikio yake huungwa wakati mwili na sikio vina unyevu uleule. Ukiona ufa penye shina la mkono wa chombo, aliyeunga aliunga kibichi juu ya kikavu.

Kazi ya pili ya chenga ni kwenye moto wa kupikia, na nitairudia muda si mrefu.

Watu huuliza kwa nini chombo hulipuka motoni. Husikika kishindo, na pale palipokuwa na chungu panabaki vipande. Mara nyingi husingiziwa hewa iliyobaki ndani ya udongo. Hewa haina nguvu hiyo. Mlipuko ni wa maji. Chungu kinachoonekana kikavu bado kina maji kwenye vitundu vyake, na joto likivuka nyuzi 100 maji yanageuka mvuke unaotaka nafasi zaidi ya mara elfu moja na mia sita. Ukuta ukiwa mnene na moto ukiwa wa haraka, mvuke haupati njia ya kutokea, nao hujivunjia njia. Wafinyanzi wanalijua hilo, kwa hiyo hukipasha chungu kwanza: wanakiinamisha juu ya makaa, au kuchoma nyasi kidogo ndani yake, mpaka rangi yake ififie na ukikisogelea shavuni husikii tena ubaridi. Ubaridi shavuni ni dalili kwamba maji bado yanakauka. Sijaona kifaa cha bei rahisi kinachoshinda shavu.

Baada ya hapo joto linapanda. Kati ya nyuzi 450 na 600 hivi, udongo hutoa maji mengine, yale yaliyofungwa ndani ya madini yenyewe, ambayo katika kaolini safi ni karibu asilimia 14 ya uzito. Yakishatoka, udongo hauwezi tena kurudi kuwa udongo. Ukitaka kujua kama chombo kimevuka hapo, chukua kigae chake ukiloweke usiku kucha. Kikilainika, kilikaushwa tu. Kikibaki kigumu, kimechomwa. Penye nyuzi 573 chembe za kwatzi zilizomo hubadilisha umbo ghafla na kutanuka, na wakati wa kupoa hurudi kwa ghafla ileile. Vyombo vingi vya tanuri vinavyotoka na ufa mmoja mkali, safi, viliupata hapo, fundi alipofungua mlango mapema kwa haraka ya kuona kazi yake. Basi subirini.

Moto wa wazi wa kijijini, wenye kuni chini na nyasi, magome au samadi juu, hufika kati ya nyuzi 600 na 900 na kumalizika kwa muda mfupi. Tanuri la matofali hupita 1,000. Vyombo vya udongo vigumu kama jiwe huhitaji 1,200 hadi 1,300, na kauri kama 1,300 au zaidi. Kadiri unavyopanda, sehemu ya udongo inayeyuka kuwa kioo na kujaza vitundu. Kauri safi hunywa maji chini ya asilimia moja ya uzito wake. Chungu cha moto wa wazi hunywa zaidi ya asilimia 10 bila shida. Hesabu hiyohiyo iko dukani kwenye vigae vya kujengea, vikiwemo vinavyotengenezwa hapa kwetu Mkuranga na Chalinze. Vigae vya ukutani huwa na vitundu vingi na ni vyepesi. Vile vigumu vya sakafu vinakunywa chini ya nusu ya asilimia. Kabla hujalipa, geuza kigae, dondosha tone la maji mgongoni na uhesabu. Tone likizama upesi, kigae hicho ni cha ukuta, usikiweke sakafuni bafuni hata ukipunguziwa bei.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza swali zuri sana: ikiwa mtungi unahitaji siku nyingi za kukauka, iweje kigae cha kiwandani kiingie tanurini na kutoka kimeiva ndani ya saa moja hivi? Jibu ni kwamba kiwanda hakifinyangi udongo mbichi. Kinagandamiza unga wenye unyevu wa asilimia tano au sita tu kwa mashine yenye nguvu kubwa mno, na kigae ni chembamba, joto linakipenya upesi pande zote. Udongo ni uleule, na sheria ya maji ni ileile.

Na rangi? Chuma. Udongo wenye chuma ukichomwa penye hewa ya kutosha huwa mwekundu. Ukinyimwa hewa, ukafunikwa kwa samadi au pumba zitoe moshi, chuma hicho hicho hubadilika, na masizi ya kaboni huingia kwenye vitundu, chombo kikawa cheusi. Madoa meusi na mekundu kwenye chungu kimoja yanaonyesha ni wapi ulimi wa moto uligusa na ni wapi majivu yalifunika.

Sasa tukiweke chungu jikoni. Kwa nini chungu kinakaa juu ya mafiga, chini kikilambwa na miali na juu kina ubaridi, wala hakipasuki, lakini bakuli la kauri la bei kubwa ukiliweka juu ya jiko linagawanyika vipande viwili? Hapa ndipo inapoingia ile kazi ya pili ya chenga. Kauri ni mwili mmoja uliobanana. Ufa ukianza mahali, hakuna cha kuuzuia, unakimbia mpaka mwisho. Kwenye chungu, ufa mdogo ukianza hukutana na kitundu au na chenga, na nguvu yake inaishia hapo. Chungu kimejaa nyufa ndogo zilizozuiliwa, na kwa sababu hiyo kinaishi. Ukikichoma kwa moto mkali zaidi kitakuwa kigumu zaidi, kitalia vizuri ukikigonga, kisha kitapasuka siku ya kwanza juu ya mafiga. Nimeona miradi yenye nia njema ikiwafundisha akina mama kuchoma vyungu vya kupikia kwa joto kubwa "ili viwe bora". Bora kwa kazi gani? Swali hilo lilipaswa kutangulia.

Wanaopikia gesi wanauliza kama chungu kinafaa. Kinafaa kwa masharti. Mwali wa gesi hubana mahali pamoja, kwa hiyo weka kibati juu ya jiko, anza na moto mdogo, usikiweke kitupu, na usimwage maji baridi kwenye chungu cha moto. Chungu kipya kipikie uji mwepesi kwanza, au kichemshie maji ya unga au ya mchele. Wanga huingia kwenye vitundu na kuvipunguza. Sehemu nyingi za Afrika wafinyanzi hufanya hivyo tangu mwanzo: wanakitoa chungu motoni kikiwa chekundu na kukinyunyizia maji yaliyochemshiwa magome, yakaungua palepale na kuziba. Usikisugue kwa sabuni, kwa sababu vitundu vitainywa na kesho utaionja kwenye maharage. Maji moto na majivu vinatosha. Na chungu cha samaki kiwe cha samaki, wala bibi zetu hawakuliweka sharti hilo kwa uchoyo.

Je, chakula cha chungu ni kitamu zaidi? Kwangu mimi ndiyo, na sababu ni upole wa joto. Ukuta mnene wenye vitundu hupitisha joto taratibu na kulihifadhi muda mrefu, maharage yanaiva mpaka ndani bila ganda kupasuka, na tui halikatiki kwa mchemko wa ghafla.

Mtungi wa maji una hesabu nyingine. Maji yanapenya ukutani, yanafika nje, yanakauka, na kila tone linalokauka linaondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Lita moja ikikauka yote inaondoka na joto la kutosha kupooza lita 50 kwa zaidi ya nyuzi 10, kama hakuna joto jipya linaloingia. Ndiyo maana mtungi wa Dodoma, penye hewa kavu na upepo, hutoa maji ya baridi kuliko mtungi uleule ukiuweka Dar es Salaam mwezi wa Machi, hewa ikiwa imeshiba unyevu. Uweke kivulini penye upepo. Miaka ikipita, chumvi za maji huziba vitundu na maji hayapoi tena. Usugue nje kwa brashi ngumu, uuanike, na ukikataa, uufanye chombo cha nafaka. Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alitwaa kanuni hiyo na kuweka chungu ndani ya chungu, katikati mchanga uliolowa, ili wakulima wasio na umeme wahifadhi nyanya na mboga. Mwaka 2000 alipewa tuzo ya Rolex. Hakugundua sayansi mpya. Aliviamini vitundu.

Na jiko la mkaa lenye kinu cha udongo ndani ya mwili wa bati, lililoenea kutoka Kenya katika miaka ya 1980 na kuingia kwetu, ni chungu kilichogeuzwa kazi. Vitundu vimejaa hewa, hewa haipitishi joto kwa urahisi, joto linabaki kwenye sufuria. Likitengenezwa vizuri huokoa mkaa kwa asilimia 30 hadi 50. Majiko yanayopasuka kinu ndani ya mwezi yalifinyangwa na mtu aliyebana udongo bila chenga, au aliyeuza kabla kinu hakijachomwa sawasawa.

Nizungumzie hatari mbili, na hapa naomba tusikilizane. Ya kwanza ni glezi, yaani lile tabaka la kioo linalong'aa juu ya chombo. Kioo hicho ni silika, na silika peke yake huyeyuka karibu na nyuzi 1,700, kwa hiyo lazima iongezewe kitu cha kuiyeyusha mapema. Kwa karne nyingi mafundi wa nchi nyingi walitumia risasi, kwa sababu ni rahisi na inang'aa. Risasi hiyo hutoka polepole kwenye chakula chenye uchachu: ndimu, ukwaju, siki, achari ya embe. Inaharibu akili za watoto, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Chungu chetu cha kienyeji hakina glezi, kwa hiyo hatari hiyo hakina. Fundi kijana anayetaka kung'arisha vyombo vyake asinunue unga asioujua. Atafute glezi isiyo na risasi, na chombo cha mapambo akiuze kama pambo. Wapo pia wanaong'arisha vyungu kwa rangi ya mafuta au vanishi ili vivutie barabarani. Chungu cha namna hiyo usipikie kabisa.

Ya pili ni udongo wa kula, ule unaouzwa sokoni kwa vipande, ambao wengi wetu tunauita pemba. Hamu ya mjamzito ni ya kweli na sitaidharau. Lakini udongo una tabia ya kushika madini, nao ukifika tumboni unaweza kuyashika madini ya chuma ambayo mama na mtoto wanayahitaji, damu ikapungua. Aina nyingine zina risasi au zebaki au mayai ya minyoo. Mama mwenye hamu hiyo asifokewe. Apelekwe kliniki apimwe damu, kwani mara nyingi hamu hiyo na upungufu wa damu hufuatana.

Nimebakiza jambo la historia, kwa sababu vitundu hivi vimetuandikia mengi. Udongo uliochomwa hauozi. Chuma kinaliwa na kutu, mti unaliwa na mchwa, kigae kinabaki. Kule Xianrendong, China, vimepatikana vigae vya miaka kama 20,000 iliyopita, vyenye alama za moto, kabla ya watu wale kuwa na mashamba. Kwetu, vyungu vinavyoitwa Urewe kandokando ya Ziwa Victoria na vile vya Kwale nyuma ya pwani ya Kenya ndivyo vinavyotuonyesha walikokuwa wakulima na wafua chuma wa mwanzo. Kisha, tangu kama karne ya 7 mpaka ya 10, ufinyanzi wa aina moja wenye michoro ya pembetatu umesambaa kutoka visiwa vya Lamu mpaka Msumbiji na Komoro, na bara pia. Wataalamu wa akiolojia kama Profesa Felix Chami wameutumia kuonyesha kwamba miji ya pwani ilianzishwa na watu wa hapa hapa.

Lakini nenda kwenye magofu uone kinachotazamwa. Kwenye makaburi ya nguzo ya Kunduchi na ya Mambrui watu huonyeshwa sahani na bakuli za China zilizopachikwa, au mahali zilipong'olewa. Ni vitu vizuri, na wazee wetu walizipenda kwa haki, maana kauri haikuwa rahisi: Wazungu wenyewe hawakuijua siri yake mpaka ilipogunduliwa Dresden, Ujerumani, mwaka 1708. Ila kwenye kila mji wa kale wa pwani vigae vya kauri na vya Uajemi ni sehemu ndogo tu ya vigae vinavyochimbuliwa. Vilivyobaki, marundo kwa marundo, ni vya vyungu vilivyofinyangwa na wanawake wa hapa. Chakula cha miji ile kilipikwa humo. Naona ni dhuluma kwamba sahani ya mgeni ipate kioo na taa kwenye jumba la makumbusho, na chungu kibaki ndani ya mfuko, chini ya meza, kikisubiri mwanafunzi wa kukihesabu.

Na wanawake hao wapo bado. Wakisi wa Ikombe, chini ya milima ya Livingstone, wanafinyanga vyungu na kuvivusha kwa mitumbwi kwenye Ziwa Nyasa hadi sokoni Lyulilo, karibu na Matema, vikapandishwa Kyela, Mbeya na kwingineko. Upareni wapo. Wengi ni watu wazima, na binti zao wanaona bei ya chungu hailipi siku zilizotumika. Akifa mmoja, kinachozikwa ni shimo analochimba, kipimo chake cha chenga, miti anayoijua kwa moto, na shavu linalojua ubaridi wa maji. Vyuo vyetu vya ufundi vinafundisha kuweka vigae sakafuni, navyo vinafanya vizuri. Vimwajiri basi na mfinyanzi wa kijijini kama mwalimu, kwa mshahara wa mwalimu, akae na wanafunzi wa kemia wampimie udongo wake naye awapimie subira yao.

Kwa kila mmoja aliyeko hapa mwenye mama, shangazi au bibi anayefinyanga, ombi langu ni dogo. Likizo ijayo nenda na daftari na rula. Mwulize udongo anautoa wapi na kwa kina gani, anachanganya makopo mangapi ya chenga kwa makopo mangapi ya udongo, anaanika siku ngapi wakati wa masika na ngapi wakati wa kiangazi, na anachomea mti gani. Andika kwa maneno yake yeye, kisha umlipe bei kamili ya chungu unachoondoka nacho.